Ardhi Iliyozama Kisha Ikainuka: Habari za Mashamba na Miji Iliyo Juu ya Migodi ya Kale ya Makaa

Mkulima akipewa shamba, jambo la kwanza alitakalo ni kujua mipaka yake. Hutembea na mpimaji toka jiwe hata jiwe, huonyeshwa mto uko wapi na njia inapita wapi, na akisha kutia sahihi hujiona ameijua ardhi yake yote. Lakini shamba lina upande mwingine ambao mpimaji haonyeshi, nao ni upande wa chini. Mara nyingi upande huo hauna neno. Ni udongo, kisha mwamba, basi. Lakini ziko nchi ambazo chini ya mashamba na nyumba kuna mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa makaa ya mawe, na watu wa huko wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba ardhi haisahau kitu kilichotolewa ndani yake.

Mwezi huu twaeleza habari za nchi mbili jirani za Ulaya, yaani Uholanzi na Ujerumani. Huko ardhi ilizama wakati makaa yalipokuwa yakichimbwa, na baada ya migodi kufungwa na kujaa maji, ardhi ile ile ikaanza kuinuka. Habari hizi zafaa kujulikana na wakulima wa Kenya pia. Makaa ya mawe yamegunduliwa katika Bonde la Mui, huko Kitui, na mtu anayejua mambo yaliyowapata wengine huuliza maswali yake mapema, wala hangoji mpaka ukuta upasuke.

MAKAA YALITOLEWA NAMNA GANI

Kusini kabisa mwa Uholanzi liko jimbo la Limburg, lenye miji ya Heerlen, Kerkrade na Geleen. Makaa yalichimbwa huko tangu zamani sana, lakini kazi kubwa ilikuwa katika karne ya 20, wakati migodi mikubwa 12 ilipokuwa ikifanya kazi. Tarehe 17 Desemba 1965, waziri Joop den Uyl alikwenda Heerlen akatangaza kwamba migodi itafungwa. Ya mwisho ilifungwa tarehe 31 Desemba 1974. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Ruhr huko Ujerumani, kazi iliendelea muda mrefu zaidi. Mgodi wa mwisho wa Ruhr, ulioitwa Prosper-Haniel, katika mji wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018.

Makaa hulala chini katika matabaka, kama vile chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya tabaka na tabaka kuna mwamba. Wachimbaji waliteremka mamia ya mita kwa shimo la wima, linaloitwa kisima cha mgodi, kisha wakachimba kwenda pembeni wakifuata tabaka la makaa. Mahali walipochimba waliweka nguzo za kuzuia dari lisiwaangukie. Walipokwisha kutoa makaa ya mahali pale, nguzo zilisogezwa mbele, na dari la nyuma likaachwa lianguke. Hii haikuwa ajali. Ndiyo iliyokuwa njia ya kazi.

Sasa fikirini ghala la mahindi lenye magunia yaliyopangwa juu kwa juu. Mtu akivuta gunia moja la chini kabisa, yale yaliyo juu yake yatashuka, na yaliyo pembeni yatainama kidogo. Ukitazama juu ya rundo utaona bonde, tena bonde hilo ni pana kuliko lile gunia lililotolewa. Ndivyo inavyokuwa kwa mwamba. Dari la mgodi huanguka, tabaka lililo juu yake hupinda, na lililo juu zaidi hupinda nalo, mpaka habari hiyo ifike kwenye majani wanayokula ng'ombe. Tabaka la makaa la unene wa mita 2 likitolewa lote mahali papana, ardhi iliyo juu yaweza kushuka mita 1 na nusu au zaidi. Sehemu kubwa ya kushuka huko hutokea katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza.

Lakini makaa hayakuwa tabaka moja tu. Walipokwisha kutoa la juu waliteremka kwenye la pili, kisha la tatu. Kila mara ardhi ilishuka tena. Katika sehemu nyingine za Ruhr ardhi imeshuka zaidi ya mita 20, yaani kama urefu wa nyumba ya orofa sita.

KUSHUKA SAWA NA KUSHUKA UPANDE MMOJA

Mtu aweza kuuliza, je, watu wangewezaje kukaa juu ya ardhi inayoshuka namna hiyo? Jibu ni kwamba madhara hayatokani na kushuka kwenyewe. Hutokana na kushuka kusiko sawa. Wekeni kikombe cha chai juu ya meza. Kama miguu yote minne ya meza itadidimia sawasawa katika udongo, chai haitamwagika. Lakini mguu mmoja ukididimia na mitatu ikabaki, kikombe kitaanguka.

Nyumba iliyo katikati kabisa ya bonde jipya hushuka pamoja na ardhi yake yote, na yaweza kusalimika. Ile iliyo pambizoni ndiyo yenye taabu. Hapo ardhi huvutwa, kuta hupasuka, milango hukataa kufunga, na mabomba ya maji hukatika. Tena panapo upande unaovutwa pana na upande unaobanwa. Huko ndani zaidi ya bonde sakafu huinuka kama mkeka uliosukumwa kwa mguu.

MAJI YALIPOKOSA NJIA

Mkulima ajua kwamba maji hayahitaji mteremko mkubwa. Hata mteremko mdogo wa mfereji watosha kuyapeleka. Basi mteremko ukiharibika kidogo tu, maji husimama.

Katikati ya nchi ya Ruhr hupita mto uitwao Emscher. Ardhi ilipozama, mto ule ulipoteza mteremko wake. Maji machafu ya miji na ya viwanda yalitanda mashambani na majumbani, na magonjwa yakawaua watu. Mwaka 1899 miji, wenye migodi na wenye viwanda walikutana mjini Bochum wakaunda ushirika wa kuushughulikia mto huo, uitwao Emschergenossenschaft. Mto ulinyoshwa, ukawekewa kuta, na mdomo wake unaoingia mto Rhine ukahamishwa kuelekea kaskazini mara mbili, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa hauna mteremko tena.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Kwa muda wa karibu miaka 100 maji machafu ya huko yalipita katika mifereji iliyo wazi, yenye harufu mbaya, ingawa Ujerumani ni nchi yenye ufundi mwingi. Sababu yake ni nini? Mabomba ya chini yangalivunjika kila mara ardhi ilipotikisika. Ilibidi kungoja mpaka uchimbaji uhamie mbali na ardhi itulie. Kazi ya kuyafukia mabomba makubwa na kuurudisha mto katika hali njema ilianza mwaka 1992, na maji machafu yaliacha kuingia mtoni mwisho wa mwaka 2021.

Hata hivyo sehemu zilizozama hazikuinuka kurudi mahali pake. Zimebaki kama bakuli. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea, nayo hutolewa kwa pampu usiku na mchana. Pampu hizo zikisimama, mashamba mengi na mitaa mizima itakuwa ziwa.

PAMPU ZA CHINI ZIKIZIMWA

Hizo ni pampu za juu. Lakini kuna pampu nyingine za chini. Wakati wa uchimbaji, maji huingia mgodini kutoka pande zote, na yasipotolewa wachimbaji watakufa maji. Kwa hiyo mgodi mzima hukaushwa. Mgodi ukifungwa na pampu zikizimwa, maji hurudi polepole. Hupanda mwaka baada ya mwaka, hujaza njia za wachimbaji, huingia katika mawe yaliyoanguka na katika kila ufa wa mwamba.

Hapo ndipo jambo la ajabu hutokea. Ardhi iliyokuwa imezama huanza kuinuka.

Kila mtu aliyeteka maji kisimani aweza kuelewa jambo hili. Ndoo iliyojaa, wakati ingali chini ya maji, ni nyepesi mkononi. Ikitoka juu ya maji tu, kamba hukaza na mikono huona uzito. Ndoo haikubadilika. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiibeba. Vivyo hivyo mawe yaliyoanguka mgodini. Yakiwa makavu hubanwa na uzito wote wa mwamba ulio juu. Maji yakiyafikia, hubeba sehemu ya uzito huo. Mawe hupata nafasi ya kupumua, hutanuka kidogo, na kila tabaka lililo juu yake husukumwa juu.

Huko Limburg pampu hazikuzimwa zote mwaka 1974. Uholanzi na Ujerumani zimetenganishwa na mpaka juu ya ardhi, lakini maji ya chini hayajui mpaka. Kama Waholanzi wangeyaacha yapande, yangemwagika katika migodi ya Wajerumani iliyokuwa ingali na watu ndani. Kwa hiyo waliendelea kuyavuta maji kwa miaka 20 zaidi, mpaka mwaka 1994. Baadaye maji yaliachwa yapande. Wapimaji walikuwa wamekwisha kuona ardhi ikiinuka katika sehemu zilizoanza kujaa maji, na tangu miaka ya 1990 setilaiti zipitazo juu angani zimeweza kupima mwendo huo, hata ule wa milimita chache kwa mwaka.

Kiasi cha kuinuka ni kidogo kikilinganishwa na kile cha kuzama. Mahali palipozama mita kadhaa huinuka sentimita chache, au makumi machache ya sentimita. Tena huinuka polepole, juu ya eneo pana, na kwa hiyo nyumba nyingi haziumii. Meza imeinuliwa miguu yote minne.

Taabu huja mahali penye ufa wa kale. Mwamba wa chini una mipasuko mikubwa iliyokuwako tangu zamani, kabla ya mtu ye yote kuchimba. Maji yakipanda upande mmoja wa mpasuko na yasipande upande wa pili, upande mmoja huinuka na mwingine hukaa. Juu ya ardhi hutokea kama ngazi nyembamba, tena ndefu, ikipita katika bustani, barabara na majumba. Jambo hili lilionekana Ujerumani, katika mji mdogo wa Wassenberg, karibu na mpaka wa Uholanzi. Mgodi wa Sophia-Jacoba ulio jirani ulifungwa mwaka 1997, maji yakapanda, na nyumba zilizojengwa juu ya mstari wa mpasuko zikapasuka, ingawa nyumba za jirani, mita chache tu kutoka hapo, zilikuwa nzima.

Maji yanayopanda huleta mambo mawili zaidi. Kwanza, husukuma mbele yake hewa mbaya iliyokuwa mgodini. Hewa hiyo hutafuta njia ya kutokea, na yaweza kuingia katika vyumba vya chini vya nyumba. Nyingine huwaka moto, na nyingine humnyima mtu pumzi. Pili, maji yaliyokaa mgodini huwa na chumvi na chuma. Yakifika juu huacha tope jekundu katika vijito, na yakichanganyika na maji safi ya visima huyaharibu.

MASHIMO YA GHAFLA

Mpaka hapa tumeeleza mwendo wa polepole. Lakini uko na mwendo wa ghafla, ambao ni hatari zaidi kwa maisha ya watu. Huo hutokea mahali ambapo wachimbaji wa zamani walichimba karibu na uso wa ardhi, na mahali penye visima vya mgodi vilivyozibwa vibaya.

Wachimbaji wa zamani waliacha nguzo za makaa ndani ya mgodi ili zibebe dari. Nguzo hizo zaweza kusimama miaka 50 au 100. Lakini hewa na maji huzila kidogo kidogo. Siku moja nguzo huanguka, dari humeguka, na pango hupanda juu kipande kwa kipande mpaka lifike kwenye udongo. Mtu aliye juu haoni kitu mpaka siku ya mwisho. Visima navyo, vingine vilijazwa takataka na mbao tu, na mbao zikioza, kifuniko huporomoka.

Januari 2000 ardhi ya mtaa mmoja wa Wattenscheid, mjini Bochum, ilifunguka na kumeza vibanda vya kuwekea motokaa pamoja na motokaa iliyokuwamo. Chini yake palikuwa na kisima cha mgodi wa kale. Huko Heerlen, mwishoni mwa mwaka 2011, nguzo za jumba la maduka liitwalo 't Loon zilianza kudidimia. Watu waliondolewa, na baada ya muda mfupi shimo likafunguka chini ya jumba. Ilibidi sehemu moja ya jumba hilo ibomolewe. Wataalamu waliochunguza walisema chanzo chake ni uchimbaji wa kale wa makaa.

Hesabuni wenyewe. Mgodi wa mwisho wa Limburg ulifungwa mwaka 1974. Shimo la Heerlen lilifunguka mwaka 2011. Hapo katikati ni miaka 37. Mtoto aliyezaliwa siku mgodi ulipofungwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

DENI LISILOKWISHA

Je, ni nani anayelipa? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Wakati makaa yanauzwa, fedha zipo na kampuni ipo. Ardhi ikipasuka miaka 30 baadaye, pengine kampuni imekwisha, vitabu vyake vimepotea, na mwenye nyumba hana wa kumdai.

Wajerumani wa Ruhr walilifikiria jambo hili kabla ya kufunga mgodi wa mwisho. Mwaka 2007 waliunda mfuko maalum uitwao RAG-Stiftung. Mfuko huo huweka fedha katika shughuli mbalimbali, na faida yake hulipa gharama za pampu za chini, pampu za juu na ulinzi wa maji ya kunywa. Gharama hizo ni zaidi ya Euro milioni 200 kila mwaka. Wenyewe huziita gharama za milele, wala hawafanyi mzaha. Makaa yalichimbwa kwa muda wa vizazi vichache, nayo maji yatavutwa daima.

Si habari mbaya tupu. Maji ya mgodini ni ya vuguvugu kwa sababu yametoka chini sana. Huko Heerlen, tangu mwaka 2008, maji hayo hutumiwa kupasha moto majumba wakati wa baridi. Mgodi uliofungwa umeanza tena kutoa faida kidogo. Lakini faida hiyo ilipatikana kwa sababu ramani za mgodi zilikuwa zimetunzwa, na mafundi walijua watoboe wapi.

MASWALI YANAYOFAA KUULIZWA

Kwa sheria yetu, mwenye hati ya shamba hana milki ya madini yaliyo chini yake. Katiba ya mwaka 2010 yasema madini yote ni mali ya umma. Lakini nyumba, kisima, mifereji na mazao yaliyo juu ni ya mkulima, nayo ndiyo yaumiayo ardhi ikitembea. Basi po pote panapotakiwa kuchimbwa chini ya mashamba ya watu, iwe makaa au madini mengine, yafaa wakulima wakutane barazani waulize mambo haya:

1. Je, kimo cha ardhi kimepimwa kabla ya kazi kuanza, na nyumba na visima vimeandikwa hali yake? Pasipo kipimo cha kwanza, hakuna awezaye kuonyesha kwamba ardhi imeshuka.

2. Ramani za njia za chini zitawekwa wapi, na nani atakayeruhusiwa kuzitazama? Huko Uingereza mtu anunuaye nyumba katika nchi ya migodi huomba kwanza habari za mgodi kutoka ofisi ya serikali, ndipo atoe fedha zake.

3. Maji ya mvua yatakwenda wapi mteremko ukibadilika?

4. Pampu zikizimwa, maji yatapanda mpaka wapi, na visima vya watu vitakuwaje?

5. Ni fedha gani zitakazowekwa kando, sasa, kwa ajili ya madhara yatakayotokea baada ya miaka 30 au 40?

Na mkulima ambaye hakuna mgodi karibu naye, pia ana lake la kujifunza. Katika mashamba mengi yako mashimo ya zamani: kisima kilichokauka, choo kilichojaa, shimo la kuchimbia changarawe au mawe ya kujengea. Yote hayo yana tabia ya kisima cha mgodi. Yakifunikwa kwa mbao na udongo tu, mbao zitaoza, na siku moja ng'ombe au mtoto atapita juu yake. Shimo la zamani lijazwe mawe na udongo, lishindiliwe tabaka kwa tabaka mpaka juu, kisha lirundikwe kidogo, maana udongo utashuka. Liandikwe katika mchoro wa shamba, na watoto waonyeshwe mahali pake. Nyumba isijengwe juu yake.

Mkiona ufa mpya ukutani, pakeni lipu kidogo kukatiza ufa ule na kuandika tarehe juu yake. Lipu ikikaa nzima mwaka mzima, ufa umelala. Ikipasuka, ardhi ingali inatembea, na inafaa fundi aitwe. Kadhalika mkiona dimbwi mahali ambapo hapakuwa na dimbwi, au nguzo za ua zimeinama upande mmoja zote, msipuuze.

Wazee walioacha mashimo ya Limburg na Ruhr hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wachimbaji waliofanya kazi ngumu gizani ili watoto wao wale, na makaa yao yaliendesha viwanda vya Ulaya nzima. Lakini hesabu yao iliishia siku makaa yalipopakiwa garini, nayo ardhi iliendelea na hesabu yake. Mwenye shamba ajuaye jambo hilo ataandika kila shimo alichimbalo, ili mwanawe asije akalitafuta kwa miguu.